Zuhura, Farasi na Siri ya Alhamisi

Alhamisi, Agosti. Upepo tangu alfajiri. Vumbi la njano la vilima vya machimbo limeganda kwenye madirisha, na jua la leo ni la kudanganya: linawaka, halipashi.

Nimeketi jikoni kwetu Berea, hapa Johannesburg, ghorofa ya sita. Chai imepoa mara mbili. Naandika kwa sababu moyo wangu haujarudi mahali pake tangu saa sita mchana, na kwa sababu kuna jambo sijawahi kuliandika humu bloguni, na leo limeniumbua.

Kwa anayeingia hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa mapazia, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa pili nawasomesha wanangu mwenyewe. Zuhura ana miaka kumi na mmoja. Nuru ana sita. Zuhura alipokosa nafasi shule ya karibu, mimi na baba yao, Bakari, tulikubaliana wasome na mimi. Bakari ni dereva wa lori, wiki nzima yuko njia ya Durban. Kazi yangu nayo ni ya kuzunguka: leo kupima madirisha Alexandra, kesho kununua vitambaa mjini. Basi darasa letu likawa gari. Hesabu za sehemu tumejifunza kwa mshale wa petroli. Herufi, Nuru kazisoma kwenye vibao vya magari. Nimeandika mengi humu kuhusu hayo, mkanisifu, nami kichwa kikavimba.

Ambacho sikuwahi kuandika ni Alhamisi.

Kila Alhamisi napeleka mapazia kwenye duka moja Turffontein. Mimi na mwenye duka tunaingia chumba cha nyuma, tunakagua mishono, tunapanga oda mpya. Saa nzima, pengine saa na nusu. Chumba kina pasi za mvuke na mikasi mirefu kama mkono wangu, hakuna pa kuweka mtoto. Kwa hiyo huwa nawaacha garini, kwenye ua wa duka, milango imefungwa, kioo kimeshushwa kidole kimoja. Zuhura na kitabu chake cha hesabu, Nuru na penseli zake za rangi. Nilijiambia ua una ukuta. Nilijiambia Zuhura ni mkubwa sasa. Nilijiambia nitakuwa nachungulia.

Dirisha la chumba kile halitazami uani.

Haya, nimeliandika.

Leo nilipotoka niliwakuta kama kawaida, isipokuwa Zuhura alikuwa amenuna. Sikumuuliza. Nikakagua hesabu zake, zote sahihi, nikazitia alama za vyema, tukaondoka.

Kona ya pili kutoka dukani, taa za barabarani zilikuwa zimezima. Magari ya pande nne yakawa yanaviziana. Nikaona hilo ni somo zuri, nikasimama, nikauliza, "Nuru, tukiwa magari manne na taa hamna, nani anapita kwanza?"

Mdomo wa Nuru ulikuwa wazi na kidole kimenyooka mbele.

"Ihhashi," akasema kwa Kizulu. Farasi.

Nilidhani ni picha ubavuni mwa lori. Nikainua macho.

Farasi mzima, wa hudhurungi, mkubwa kuliko nilivyowahi kudhani farasi anaweza kuwa, alikuwa anakuja katikati ya barabara, kwetu sisi. Hakuna mtu mgongoni. Kamba inaburuzika kutoka shingoni. Mbali nyuma yake, tela limesimama upande upande, mlango wake umelala chini, na mwanamume mmoja anakimbia huku akichechemea.

Teksi ya abiria kulia kwetu ikapiga honi, ndefu, ya hasira. Farasi akageuka ghafla, akateleza kwenye lami, miguu ya nyuma ikakunjamana, halafu akainuka na kusimama kwa miguu miwili mbele ya boneti yetu. Niliona tumbo lake. Niliona vyuma vya kwato juu ya kioo cha mbele, na damu inayotiririka kutoka kwenye goti. Nikaita jina la Mungu kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu. Nikatafuta gia ya kurudi nyuma, na nyuma yangu kulikuwa na gari limenibana.

Ndipo nikasikia mlango unafunguliwa.

Zuhura alikuwa ametoka nje.

Ningependa kuandika kwamba nilimfuata. Sikumfuata. Mkono wangu ulipapasa kitufe cha mkanda na haukukiona. Kitufe ninachokibonyeza mara ishirini kwa siku! Nilikuwa napiga kelele, "Rudi! Zuhura, rudi!" na Nuru nyuma yangu analia, na mwili wangu umebaki kitini kama gunia.

Mwanangu hakukimbia. Alitembea. Kwanza aligeukia ile teksi, akainua mkono, akampigia dereva kelele kwa Kizulu aache honi. Dereva akashangaa, "Hayibo!" na akaacha. Akazima hata injini. Kisha Zuhura akazunguka upande, mbali na uso wa mnyama, akasogea akitokea begani. Na akaanza kuongea.

"Muzee," alisema. "Muzee, ikala. Hapana kuogopa. Mi niko hapa, Muzee."

Hapo ndipo masikio yangu yaliponisaliti, nikadhani nimeanza kurukwa na akili. Kwa sababu Zuhura haongei Kiswahili. Anakielewa, ndiyo. Ukimwambia leta sahani ataleta. Lakini kwa miaka sasa, nikimsemesha kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, na mimi nimeomba, nimegomba, nimebembeleza. Na sasa amesimama katikati ya barabara ya Johannesburg anaongea Kiswahili na farasi. Wala si Kiswahili changu cha Tanga. Ni Kiswahili cha Lubumbashi, Kongo, ambako "ikala" ni "tulia"!

Farasi akashusha masikio. Akatetemesha ngozi ya bega, kama anafukuza nzi. Zuhura akaweka kiganja kwenye shingo yake, akakiacha hapo, halafu kwa mkono wa pili akaishika kamba.

"Vile vile," alikuwa anasema. "Vile vile, Muzee."

Kichwa cha mnyama yule, kichwa kirefu kuliko kiwiliwili cha Nuru, kikashuka mpaka kifuani kwa mwanangu.

Watu walianza kutoka kwenye magari. Wengine walikuwa wanapiga picha. Mimi ndipo nikafungua mkanda.

Yule mwanamume mwenye kuchechemea akafika, suruali imepasuka gotini, pumzi imemwishia. Mtu mzima, mvi kidogo, ovaroli la kijani. Hakumnyang'anya Zuhura kamba. Aliishika juu ya mkono wake, akamwambia, "Vizuri, mutoto yangu. Usiachie bado." Alimwambia kama mtu anayemfahamu. Kisha akaniona nimesimama na viatu vyangu vya wazi, nalia.

"Huyu njo mama yako?" akamuuliza Zuhura.

Zuhura akatazama lami.

Sitaficha lililonipitia kichwani. Mwanamume nisiyemjua, na binti yangu wa miaka kumi na mmoja, wanafahamiana. Kila mama anayesoma hapa anajua niliwaza nini. Nikamvuta Zuhura kwangu na nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya adabu hata kidogo, "Wewe ni nani, na mwanangu unamjulia wapi?"

Akavua kofia. Aliitwa Papa Ilunga, mtu wa Lubumbashi, mtunza farasi katika zizi la mtu binafsi, nyuma tu ya lile duka la mapazia. Walikuwa wanamrudisha Muzee kutoka kwa daktari wa mifugo, komeo la tela likachomoka kwenye kona.

"Mama, mutoto anakuja kila Alhamisi," alisema. "Tangu mwezi wa tano. Anasugua Muzee, anamupatia maji. Pale kwa zizi, bantu bote banaona, haiko siri. Mi nilimuambia siku ya kwanza: uombe ruhusa kwa mama. Akasema mama anajua."

"Mama hajui," nikasema.

Papa Ilunga alimtazama Zuhura. Hakumkaripia. Lakini uso wake ulisawijika, na nikaona mwanangu ameuona ukisawijika, na hilo lilimwingia kuliko ukali wowote ambao ningeweza kumtolea.

"Na huyu mudogo?" akauliza, akionyesha Nuru aliyebandika uso kwenye kioo. "Huyu sijamuona hata siku moja."

Nikamgeukia Nuru. Sikuwa nimefika huko. Akili yangu ilikuwa bado na farasi. Kama Zuhura alikuwa zizini kila Alhamisi, Nuru alikuwa na nani?

Hakuwa na mtu.

Watu walisaidia kusogeza magari, Papa Ilunga akamwongoza Muzee kwa miguu kuelekea zizini, na mimi nikaendesha. Sijui niliendeshaje. Nilifika kituo cha kwanza cha mafuta, nikaegesha kando ya mashine ya kujaza magurudumu upepo, nikazima gari. Tukakaa. Upepo ulikuwa unatikisa bati la tangazo. Nilijua nikifungua mdomo mapema nitasema maneno ambayo hayarudi, kwa hiyo nilihesabu pumzi.

Kisha nikauliza na Zuhura akajibu. Alianza kwa Kiingereza kama kawaida yake. Nikamwambia, "Hapana. Kwa Kiswahili. Kumbe unacho."

Alisema kulikuwa na mlango mdogo wa chuma kwenye ukuta wa ua, haufungwi. Siku ya kwanza alisikia sauti ya farasi akipiga chafya, akaenda kuchungulia. Leo alikwenda pia, akakuta banda tupu, ndiyo maana alinuna. Nikamuuliza hesabu alizifanya saa ngapi. Akakifungua kitabu kurasa za mwisho. Mwisho akasema, "Majibu yako nyuma ya kitabu, mama."

Miezi mitatu. Vyema vyote vile. Niliandika humu, wengine mnakumbuka, kwamba mwanangu hakosi hata hesabu moja na siri ni utulivu wa gari.

Nilitaka kukasirika, na nilikasirika. Nilimwambia amenidanganya, amemdanganya mzee wa watu, angeweza kukanyagwa leo nikabeba maiti. Alivumilia yote. Kisha nikauliza swali lililokuwa linaniuma zaidi ya inavyopasa, nikaona haya hata wakati naliuliza. Kwa nini Kiswahili umempa farasi, mimi mama yako umeninyima?

Alifikiri. Zuhura hufikiri kabla ya kusema, amechukua kwa baba yake.

"Wewe kila neno unarekebisha," alisema. "Nikisema hivi, unasema si hivi. Muzee anasikiliza tu."

Nilishika usukani wa gari lililozimwa.

Ni kweli. Mimi ni mtu wa Tanga, na watu wa Tanga tunaringia Kiswahili chetu. Nilidhani namfundisha. Kila alipofungua mdomo nilimkatiza: si "kitabu yangu", ni "kitabu changu", rudia, rudia tena. Mpaka akaufunga.

Nilidhani tumemaliza. Ndipo Nuru, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku moja mtu aligonga kioo."

Tukageuka wote wawili.

"Mtu gani?"

"Sijui. Aligonga. Akajaribu mlango. Nikajifunika mapazia, nikawa kama mzigo."

"Lini, Nuru?"

"Ile siku ya baridi sana. Dada alikuwa kwa farasi."

Pengine alikuwa mlinzi wa duka anataka gari lisogezwe. Pengine. Najirudia hilo neno tangu mchana. Lakini mwanangu wa miaka sita alijilaza chini ya mapazia ya watu, akazuia pumzi, akawa mzigo, nami nilikuwa mita thelathini kutoka hapo nabishana kuhusu upindo.

Zuhura alikuwa amegeuka rangi. "Hukuniambia!" akamwambia mdogo wake.

"Ungesema mimi ni mtoto," Nuru akajibu. "Na ulisema nikisema utakosa kwenda."

Zuhura alilia hapo. Mbele ya farasi aliyesimama kwa miguu miwili hakutikisika, mbele ya hasira zangu hakutoa chozi, lakini kwa maneno ya Nuru alijikunja kitini akalia kwa kwikwi. Nuru akashangaa, akampa nusu ya biskuti yake. Nikatoka mbele na Zuhura, tukaingia kiti cha nyuma, mimi katikati ya watoto, tukakaa hivyo mpaka kijana wa pampu akaja kuuliza kama tunahitaji msaada.

Nikawaambia kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliwaambia waziwazi, bila kuzunguka: mama aliwaacha mahali ambapo hakupaswa kuwaacha, akajidanganya kwamba ni sawa. Zuhura akaacha kulia akanitazama. Sidhani kama nimewahi kumwambia nimekosea. Siku zote mimi ndiye mwalimu.

Nimempigia Bakari jioni hii. Alikuwa amepumzika kwenye kituo cha malori. Nilimsimulia yote, hata Nuru chini ya mapazia. Halafu akasema, "Mama Zuhura, hilo tumelifanya wawili. Mimi nilijua unawaacha. Sikuuliza." Kisha akauliza, polepole, kama anaogopa kufurahi, "Na kweli alimshika farasi?"

"Alimshika."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili cha Kongo."

Nikamsikia anapenga kamasi huko njia ya Durban.

Tumepanga hivi. Dukani hakuna tena mtoto kubaki garini. Mwenye duka akitaka mapazia yangu ataweka viti viwili mlangoni, na asipotaka nitatafuta duka jingine. Kitabu cha hesabu kinarudi mwanzo, na kurasa za majibu nimezichana leo hii kwa mkono wangu. Zuhura hataenda zizini Alhamisi mbili. Ya tatu tutakwenda sote, kwa lango kubwa la mbele, na yeye ndiye atakayemwambia Papa Ilunga kwamba alimdanganya. Mimi nitamwomba radhi kwa namna nilivyomsemesha barabarani. Na kama mzee akikubali, Zuhura ataendelea, mimi nikiwa nimesimama pale. Naogopa. Nikifumba macho naona zile kwato.

Na kama hakubali? Zuhura aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia basi tutarudi nyumbani, na utakuwa umesema.

Sasa hivi yuko hapa jikoni anaosha vikombe, mimi nasuuza na kuandika kwa zamu, simu ina povu. Ameniuliza amwombe Papa Ilunga msamaha kwa Kiswahili kipi, cha kwangu au cha mzee.

Nimemwambia kile kinachomjia.

Ameanza kujaribu, anaongea na bomba la maji. "Papa Ilunga, mi nilisema uongo. Mama yangu hakukuwa anajua. Naomba unisamehe, sitafanya tena hii kitu."

Nimesikia makosa matatu. Nimechukua kikombe kingine, nimekisuuza.